Staringi Anayekubali Kupoteza

Katika vibanda vya video vya Mutakura tulikulia na sheria moja: staringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, nyumba yake itachomwa moto, lakini dakika za mwisho lazima asimame na adui mkubwa alale chini. Mtoto aliyechelewa kuingia hakuuliza filamu inahusu nini. Aliuliza tu, "Staringi ni nani?" Akishaonyeshwa alitulia, maana sasa alijua moyo wake auweke wapi. Tuliwapanga mastaringi hao kwa nguvu zao: wengine Schwarzenegger juu ya Stallone, wengine Stallone juu ya Schwarzenegger, na Bruce Lee peke yake kwenye kiti ambacho hakuna aliyethubutu kukigombea.

Humphrey Bogart hakuwamo. Nilimkuta ukubwani, kwenye filamu za rangi nyeusi na nyeupe zilizotiwa sauti ya Kifaransa, wakati nimeshaona kwa macho yangu kwamba katika mtaa wetu staringi hufa. Mutakura iko kaskazini mwa Bujumbura, jirani na Cibitoke na Kinama, na mtu wa umri wangu hapa ameipitia vita iliyoanza Oktoba 1993, kisha akayapitia machafuko ya mwaka 2015. Labda ndiyo sababu mwanamume huyu asiye mrefu, mwenye uso uliochoka na sauti inayokwaruza, alinikaa kichwani kuliko wenye misuli. Tangu hapo nimekuwa nikizipanga filamu zake na kuzipangua, na kigezo changu si risasi wala busu. Nauliza: humu ndani mtu huyu amekubali kupoteza nini, na kwa ajili ya nani?

Alizaliwa New York tarehe 25 Desemba 1899. Miaka ya 1930 kampuni ya Warner Bros. ilimtumia sana kama jambazi wa pili, yule anayeuawa ili staringi wa kweli ang'ae. Katika Angels with Dirty Faces ya 1938 anapigwa risasi na James Cagney. Katika The Roaring Twenties ya 1939 anapigwa risasi tena na Cagney yuleyule. Kwa sheria ya kibanda chetu, Bogart ndiye alikuwa adui anayelala chini. Mlango ulifunguka mwaka 1941 kwa High Sierra, kisha The Maltese Falcon, na zote mbili zilimfikia kwa sababu George Raft, aliyekuwa na jina kubwa zaidi, alizikataa. Bogart alikuwa na miaka 41.

Nataka vijana wa mtaa wangu waisikie namba hiyo. Hapa utamkuta kijana wa miaka 28, diplome yake iko kabatini ndani ya mfuko wa plastiki, anazungumza kama mzee aliyemaliza safari. Anasema wenzake wameshafika. Bogart alikufa kwenye filamu za watu wengine kwa miaka, akiwa anajifunza jinsi ya kusimama mbele ya kamera, jinsi ya kunyamaza, jinsi ya kumsikiliza mwenzake anapoongea. Kazi iliyokataliwa na mkubwa ilipomfikia, ilimkuta tayari. Siwezi kumwahidi kijana huyo kwamba mlango utafunguka. Ninachoweza kumwambia ni kwamba miaka ya kungoja haikuwa mitupu kwa mtu huyu.

Nianze na filamu za chini, kwa haraka. The Return of Doctor X ya 1939, ambamo wamempaka uso mweupe wa mfu aliyefufuliwa, naiweka mwisho kabisa bila kusita. Sabrina ya 1954 naiweka chini pia, ingawa wengi wanaipenda: nafasi ile ilitakiwa kuwa ya Cary Grant, na ukimtazama Bogart utaona mtu aliyevaa koti la mwenzake. The Big Sleep ya 1946 ina mazungumzo matamu kati yake na Lauren Bacall, aliyemuoa Mei 1945, lakini hadithi yake inazunguka hadi unachoka kuifuata. The Caine Mutiny ya 1954 naiheshimu. Humo ni nahodha wa meli ya kivita anayesaga vijigololi viwili vya chuma kiganjani kila hofu inapomshika, na ukitazama vidole vile unaelewa jinsi mkubwa mwenye woga anavyoweza kuwa hatari kuliko mkubwa mkali.

The Maltese Falcon yenyewe wengi wanaiweka juu sana. Mimi naishusha hadi nafasi ya tano. Sam Spade anamkabidhi polisi mwanamke anayempenda kwa sababu amemuua mshirika wake wa kazi, na huo ni uamuzi wa haki. Lakini tangu mwanzo hadi mwisho Spade analinda asichekwe, asidanganywe, asifanywe mjinga. Mtaani tunawajua watu wa namna hiyo na tunawahitaji, hasa siku za uvumi. Ila mtu wa namna hiyo hakufungulii mlango saa nane za usiku.

Juu yake naiweka In a Lonely Place ya mwaka 1950, iliyoongozwa na Nicholas Ray na kutengenezwa na kampuni ya Bogart mwenyewe. Anaigiza mwandishi wa filamu, Dixon Steele, anayeshukiwa kuua. Hakuua. Lakini hasira yake ni ya kweli, na jirani yake Laurel, anayempenda, anaanza kuiona: leo anampiga dereva barabarani karibu kumuua, kesho anampiga rafiki yake mezani. Simu ya kumsafisha inakuja mwishoni, na inamkuta ameshamkaba mwanamke huyo shingo. Sheria imemtoa hatiani na mapenzi yamekwisha siku hiyohiyo. Nimekaa na wanaume wengi waliotoka katika vita vyetu wakisema kwa fahari kwamba hawana hatia, na kweli hawana, lakini wake zao na watoto wao wanatembea ndani ya nyumba kwa kunyata. Filamu hii ningependa wakaione, tena wakiwa na wake zao.

Nafasi ya tatu ndiyo iliyoniletea ugomvi mkubwa, maana nimeiweka pale The African Queen, na kuna mzee wa avenue yetu ambaye hataki kusikia habari ya nafasi ya tatu. Mzee huyu alifanya kazi ya ufundi wa injini za meli katika bandari ya Bujumbura hadi alipostaafu. Kwake filamu ni moja tu.

Ilipigwa mwaka 1951 chini ya John Huston, sehemu kwenye mto Ruiki huko Kongo ya Wabelgiji, sehemu Uganda kwenye maporomoko ya Murchison na bandari ya Butiaba, na nyingine studio huko Uingereza. Bogart ni Charlie Allnut, mwendeshaji wa boti kuukuu ya mvuke. Katharine Hepburn ni Rose, dada wa mmisionari. Ni mwaka 1914, Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kaka yake Rose anafariki, na mwanamke huyu anamshawishi mlevi huyu washuke na mto hadi ziwani wakaizamishe meli ya kivita ya Wajerumani, Louisa. Kwa kazi hiyo Bogart alipewa Oscar mwaka 1952, ya pekee maishani mwake, akimpita Marlon Brando.

Mzee hajali Oscar. Anajali injini. Kuna mahali mwanzoni boila inakorofisha, Charlie anainuka na kuipiga teke, mvuke unatulia. Rose anauliza kulikoni. Charlie anaeleza kwamba bisibisi iliangukia ndani ya valvu ya usalama, na asipoipiga teke boila inaweza kupasuka. Rose anauliza kwa nini basi asiifungue akaitoa. Charlie anakiri kwamba angeweza, tena siku moja ataitoa, lakini kwa kweli anapenda kuipiga teke. Boti hiyo ndiyo kitu pekee alicho nacho.

"Umeona, mwanangu?" mzee huniambia. "Fundi anajua kasoro iko wapi. Dawa anayo. Haitoi."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Ameizoea. Kasoro uliyoizoea inakuwa mwenzako wa nyumbani. Mimi nimeona meli nzima zinaendeshwa hivyo. Nimeona na mengine."

Hasemi mengine ni yapi, wala simuulizi. Kisha tunafika pale anapopapenda zaidi. Wamevuka maporomoko, shafti imepinda na panga moja la propela limevunjika. Charlie anasema ndio mwisho wa safari. Rose anauliza kwa nini. Kila sababu anayoitoa, Rose anairudisha kwa swali, hadi mwanamume huyu anajikuta amezama majini kufungua propela, wamewasha moto ufukweni, wananyoosha chuma na kuunga panga jipya. Mzee anataka kipande hiki kirudiwe, na kila mara anatazama mikono ya Charlie. Anasema mwanamke yule hakujua lolote kuhusu shafti. Alichokijua ni kuuliza swali lile bila dharau. Wengi tulionao huuliza kwa dharau, na fundi akidharauliwa huweka spana chini.

Hapo nakubaliana naye kwa moyo wote. Mtu anayelewa kila siku na kuipiga teke injini yake anageuka kuwa mtu anayetayarisha mabomu kwa mitungi ya oksijeni ili aende akafe na boti yake, kitu pekee alicho nacho. Kwa kigezo changu ingestahili nafasi ya juu kabisa. Kinachoishusha ni sisi. Waafrika wanaoonekana mwanzoni wamekusanywa kanisani wakiimba sauti zisizo na maneno. Kijiji kinachomwa, watu wanaswagwa kama mifugo, na baada ya hapo filamu haiwakumbuki tena. Huzuni yote ni ya kaka na dada. Mwaka mmoja kabla yake King Solomon's Mines ya Stewart Granger ilipigwa sehemu fulani hapahapa Ruanda-Urundi, na wacheza ngoma wa kwetu walipendeza sana ndani yake, lakini nayo haikutaka kujua wanarudi nyumbani kwa nani. Siwezi kuipa nafasi ya kwanza filamu ambayo ndani yake mama yangu angekuwa moshi kwa mbali.

Tena hadithi ya kweli ya ziwa letu imeipita filamu hiyo. Meli iliyompa mwandishi C. S. Forester wazo la riwaya yake ya mwaka 1935 ni Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika maelfu ya masanduku, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Waingereza nao wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza hadi Cape Town, kisha kwa treni na kwa kukokotwa milimani hadi upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Waingereza hao waliiteka meli ya Wajerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari 1916. Götzen hawakuizamisha. Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma Julai 1916 ili isitekwe, na kabla ya kuifanyia hivyo mafundi wao walizipaka injini grisi nzito, wakitumaini kuirudia.

Hawakuirudia. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Miaka mingi iliunganisha bandari za ziwa, na Bujumbura ikiwamo.

Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia nchi walipokuwa wamebanwa Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kati ya milima na maji, kipindupindu kikiwa kimeingia, meli iliyokwenda kuwachukua ilikuwa Liemba. Kagunga haikuwa na gati. Watu walipandishwa kwenye mitumbwi ya wavuvi, wakapelekwa hadi ubavuni mwa meli, watoto wakirushwa kutoka mkono hadi mkono, kisha Kigoma, kisha kambi ya Nyarugusu. Mama mmoja wa avenue yetu alikuwamo. Kitu anachokikumbuka ni mlio wa injini. Anasema alipousikia ukienda bila kukatika ndipo alipolala usingizi, mara ya kwanza tangu atoke Mutakura.

Nilimweleza mzee habari ya grisi. Alikaa kimya, akauliza ilikuwa grisi ya namna gani, ilipakwa wapi na wapi. Halafu akasema wale walikuwa mafundi. Walikuwa wanaiua meli yao na bado wakafanya kazi safi kwa ajili ya mtu atakayeikuta, ingawa mtu huyo hawakumjua, na huenda angekuwa adui yao. Mimi nafikiri juu yao kuliko ninavyofikiri juu ya Charlie Allnut. Filamu inatutaka tushangilie meli ikizama. Kuna watoto wanaosoma shule leo kwa sababu ile ya kweli haikuoza.

Ya pili ni The Treasure of the Sierra Madre ya 1948, na hiyo pia ni ya Huston. Fred C. Dobbs hana hata senti huko Tampico, Meksiko. Anaungana na kijana mmoja na mzee mzoefu, wanapanda mlimani, wanaipata dhahabu, na dhahabu inamla akili mpaka hawezi kulala karibu na wenzake. Hakubali kupoteza hata punje. Majambazi wanamuua kwa panga penye dimbwi la maji, na wanapofungua mifuko wanadhani ni mchanga, wanaumwaga, upepo unauchukua. Vijana wa Mutakura wanaokwenda kuchimba Mabayi au wanaovuka kwenda machimbo ya Kivu Kusini wanaujua ugonjwa wa Dobbs kuliko mhakiki yeyote. Mmoja aliyerudi aliniambia kuchimba hakukumuumiza sana. Kilichomuumiza ni usiku wa kwanza baada ya kupata, alipogundua kwamba anahesabu pumzi za rafiki yake ili ajue kama kweli amelala.

Ya kwanza ni Casablanca. Najua ndiyo inayowekwa na kila mtu, na sikuipa nafasi hiyo kwa ajili ya uwanja wa ndege na ukungu wake. Ni filamu ya watu wanaongoja karatasi. Mwaka 1942, Michael Curtiz alipoiongoza, wengi waliokuwa mbele ya kamera walikuwa wakimbizi wa kweli waliotoka Ulaya ya Hitler: Conrad Veidt, Peter Lorre, Paul Henreid, na Madeleine Lebeau aliyeikimbia Paris na mumewe Marcel Dalio mwaka 1940. Unaona machozi ya Lebeau wanapoimba wimbo wa taifa la Ufaransa baa nzima, na unajua hakufundishwa kuyatoa.

Niliitazama na yule mama aliyerudi kutoka Nyarugusu. Sehemu ya Rick, mwenye baa anayeigizwa na Bogart, na Ilsa, mwanamke anayempenda, aliipitia kwa heshima tu. Alichokitazama kwa makini ni kile kipande cha wale vijana wawili wa Bulgaria, mke na mume, waliokosa pesa ya viza. Mume anacheza kamari na anashindwa. Mke anamfuata Rick kumuuliza kama afisa wa polisi anayetaka kumsaidia kwa kumlala atatimiza ahadi. Rick anamjibu kwa ukali, kama mtu asiyejali, kisha anakwenda mezani, anamwambia yule kijana aweke kila kitu kwenye 22. Inatoka 22. Anamwambia aiache hapohapo. Inatoka 22 tena. Anamwambia achukue pesa aende na asirudi. Pesa iliyotoka ni ya Rick mwenyewe.

Mama akasema, "Huyu akimaliza hapa atawasaidia na wale wakubwa."

Filamu ilikuwa bado katikati. Watu wote husema Rick anabadilika mwishoni, anapompa mwanamke anayempenda nafasi ya kuondoka na mume wake. Mama aliona kwamba ameshabadilika kwenye meza ya kamari, kwa ajili ya watu wawili wasio na jina kubwa, na kwamba la uwanja wa ndege ni muendelezo tu. Alijua kwa sababu aliishi miaka mahali ambapo unajifunza haraka nani atakupa kikombe chake cha unga wakati hakuna anayemwona.

Lazima niseme na habari ya Bogart mwenyewe, maana hakuwa Rick. Oktoba 1947, kamati ya Bunge la Marekani ilipokuwa inawahoji watu wa sinema juu ya ukomunisti, alipanda ndege pamoja na Bacall, Huston na wengine hadi Washington kuwatetea. Shinikizo lilipozidi, magazeti yakamgeuka na kazi yake ikaanza kutishiwa, akarudi nyuma: mwaka 1948 aliandika makala kwenye jarida kujieleza kwamba yeye si mkomunisti. Wako wanaomdharau kwa hilo. Mimi natoka mahali ambapo jina lako kwenye karatasi, au kukosekana kwake, kuliweza kukutoa nyumbani kwako, na simhukumu. Naona tu kwamba mtu aliyetuonyesha vizuri kuliko wote jinsi ya kukubali kupoteza alijua kwa mwili wake jinsi inavyokuwa vigumu. Alifariki tarehe 14 Januari 1957, akiwa na miaka 57.

Ukitaka kuanza kumtazama, usianze na Casablanca. Anza na The Treasure of the Sierra Madre, uone mtu huyu akiwa mbaya kabisa. Halafu tazama The African Queen pamoja na mzee yeyote aliyewahi kushika spana, na umwache aongee. Casablanca iache mwisho, na itazame na mtu aliyewahi kungoja karatasi. Katika Bujumbura hutamtafuta mbali.